Mheshimiwa Seneta, Zamu Yako ya Uji wa Mzazi

Azaiba, Maskati
Jumanne, baada ya alasiri

Kwa Mheshimiwa Seneta,
Baraza la Kutunga Sheria la Jimbo,
Marekani.

KUH: KUTOTIMIZA WAJIBU WAKO WA KINDUGU KWA BINTI YETU KHAWLA

Mheshimiwa Seneta,

Assalaam alaykum, na kama salamu hii hukuizoea, ipokee hivyo hivyo, haina madhara. Nataraji barua itakukuta mzima, wewe na jamaa zako, na kwamba ngiri yako inakupa nafasi ya kupumua. Habari za ngiri tumezisoma katika gazeti la huko kwenu, na nitazizungumza chini, kwenye nambari ya sita.

Jina langu Zakiya. Nimestaafu kazi ya ukatibu wizarani, ambako kwa umri wangu wote niliandika barua za malalamiko ya watu wengine, nyingi hazina kichwa wala miguu. Hii ni yangu mwenyewe. Nakuandikia kwa Kiswahili, lugha yetu ya nyumbani sisi tuliotoka Unguja, kwa sababu Kiarabu nakitumia kwa serikali na Kiingereza kwa wageni, na wewe, kwa sababu nitakazozieleza, si serikali kwangu wala si mgeni. Wewe ni jamaa. Mtafute mtu akusomee. Mji wowote wenye chuo kikuu haukosi mtoto wa Unguja.

Asili ya madai yangu ni hii. Mwaka ule mahakama yenu kuu ilipoiondoa kinga ya haki ya kutoa mimba iliyokuwa imewafunika wanawake wenu kwa karibu nusu karne, jimbo lako halikungoja hata wino ukauke. Mlipitisha sheria yenu ya kuikataza, na wewe ukasimama mbele ya kamera, ukaweka mkono kifuani, ukasema kwamba kila mtoto aliyemo tumboni katika jimbo lako ni "mtoto wetu sote". Televisheni ya huku iliyatafsiri maneno yako kwa Kiarabu chini ya picha. Mimi nilikuwa nakunja nguo. Niliinua kichwa, nikamwambia wifi yangu Sayyida, aliyekuwa kaja kutoka Ghubra, mtaa wa pili, kunitazama: "Umemsikia huyu? Keshajitia mwenyewe."

Kwetu sisi maneno hayo hayasemwi ovyo. Mwanamke akiwa mjamzito watu humpa hongera, humwombea Mungu amfungue salama, kisha kila mmoja akashika njia yake. Anayesema "huyo mtoto wetu" huyo kajifunga. Jirani yetu Mazoon aliwahi kumwambia hivyo Sayyida, kwa furaha tu, mlangoni, na mfuko wa vitunguu mkononi. Basi ndiye aliyekaa naye hospitali, ndiye aliyemkanda kiuno kwa maji ya moto, na ndiye aliyempikia uji wa pilipili manga siku zote arubaini za uzazi. Hakunung'unika, kwa sababu alijua alichokisema. Mtoto aliyezaliwa siku hizo ndiye Khawla.

Khawla ni binti wa marehemu kaka yangu, kwa hiyo mimi ni shangazi yake, na tangu baba yake aondoke nimekuwa shangazi na nusu. Aliolewa na Sinan, na Sinan alipopata nafasi ya kusomea mambo ya mafuta katika chuo cha jimboni kwako, alikwenda naye. Alipopata mimba yake ya kwanza tulifurahi kwa mengi, na moja katika hayo ni kwamba mtoto alikuwa na mjomba huko huko tayari. Wewe.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Hukujitambulisha. Mtu mwenye kauli juu ya tumbo la binti yetu hutakiwa aje kwanza anywe kahawa. Sinan, ambaye ni mume, aliletwa na wazee wake, akakaa kwenye majlis yangu ya wageni, nikamuuliza maswali mpaka akatoka jasho na kiyoyozi kinavuma. Wewe una kauli kubwa kuliko ya Sinan na sijui hata chai yako unakunywa na sukari kiasi gani. Mimba ilifika miezi minne, na haikutoka kwako hata simu ya kuuliza kama anatapika.

2. Uliwaambia watu wasubiri, kisha hukusubiri nao.

Nataka uisome nambari hii taratibu. Chupa ya maji ilipasuka asubuhi, Khawla yuko jikoni anakaanga mayai. Sinan alimkimbiza hospitali. Daktari wao, mwanamke kijana, aliwaambia ukweli: mtoto hataishi, mapafu yake hayajawa mapafu na maji aliyokuwa akielea ndani yake yamekwisha, na mama akiachwa hivi hivi, sumu itaingia kwenye damu. Tiba yake inajulikana, na yeye anaijua. Lakini moyo wa mtoto ulikuwa bado unapiga, na kwa sheria yako daktari akigusa, anafungwa. Sheria imeacha mlango mmoja: uhai wa mama ukiwa hatarini. Sinan akauliza, si hatari hii? Akajibiwa kuwa ni hatari, lakini haijafika. Wakampa Khawla kipimajoto arudi nacho nyumbani, homa ikipanda waje.

Nimefanya kazi serikalini, Mheshimiwa. "Rudi kesho" naijua, nimeisema kwa watu wengi, tena kwa ladha. Lakini sikupata kumwambia mtu arudi atakapokuwa karibu kufa. Na usije ukadhani kuwa huku kwetu mambo ni holela. Mimba kwetu haitolewi kwa kutaka tu, sheria ipo na mashekhe wana maneno yao, na sikuja kuyajadili hayo na wewe. Ila roho ya mama ikianza kuyumba, ninavyojua mimi, watu hukimbia kumtafuta daktari, na daktari hakimbii kumtafuta wakili.

Sasa kosa lako mahsusi. Kwa ada zetu, anayesema "tusubiri" hukaa akasubiri. Huleta mto wake. Khawla alikaa kwenye sofa na kipimajoto mdomoni, na upande wa pili wa sofa ulikuwa mtupu, kwa sababu Sinan hakuweza kukaa, alikuwa anazunguka chumba. Nafasi ile ilikuwa yako. Mimi nilikuwa nao kwenye simu, na niliogopa kuliko nilivyopata kuogopa tangu kaka yangu afariki. Nakwambia hivyo waziwazi kwa kuwa wewe ni jamaa.

3. Ulimtuma wakili mikono mitupu. Hospitali ile ilikuwa na wakili, na wakili ndiye aliyeulizwa kama Khawla ameugua vya kutosha. Hata huku, jamaa asiyeweza kuja hutuma mtu. Lakini mtu huyo huja na kikapu: mkate wa ufuta, chupa ya asali, walau ndimu. Wako hakuja na kitu isipokuwa rai yake, na rai sisi tulikuwa nazo za kutosha. Kwenye kundi letu la simu mmoja alisema asome aya hii, mwengine alisema anywe maji ya uwatu, wa tatu akasema uwatu asiuguse kabisa. Sayyida alitaka kupanda ndege akiwa na kanga ya nyumbani. Shekhe wa mtaani tuliyempigia alisema roho ya mama ndiyo ya mwanzo, akakata simu, maana alikuwa na watu. Ndilo jawabu fupi kuliko yote niliyopata wiki ile.

4. Safari. Yule daktari kijana, siku ile walipowarudisha nyumbani, aliwafuata Khawla na Sinan mpaka pale yanapoegeshwa magari. Alikuwa kalivua koti lake la kazi, na alikuwa analia. Aliwaambia kama Khawla angekuwa mdogo wake, angemtia garini akamvusha kwenda jimbo la pili, ambako sheria yako haifiki. Baada ya usiku ule wa kipimajoto, Sinan akanipigia kuniuliza nafikiri nini. Nikamwambia: "Hakuna cha kufikiri, mwanangu. Mtie garini, sasa hivi, khalas."

Waliendesha mchana kutwa. Kwetu, safari kama hiyo jamaa hukaa mbele na chupa ya chai, akamzungumzisha dereva asisinzie na akamkatia ndizi. Gari lile lilikuwa na Sinan, na Khawla kalala nyuma, basi. Homa ikampanda njiani. Walipofika alikuwa anatetemeka mpaka meno yanagongana. Huko hawakumwita wakili, walimwita muuguzi, na muuguzi akaja mbio na kitanda. Mtoto alitoka, wa kiume. Khawla alipona, alhamdulillahi, na Sinan aliambiwa kwamba wangechelewa kidogo tu asingempata.

5. Msiba, na hizi arubaini. Mtoto wa umri ule kwetu huoshwa, huvishwa sanda, husaliwa. Sinan alikwenda katika msikiti wa mji ule asimomjua mtu, akampata mzee mmoja Mbosnia, wakaenda kuchimba pamoja. Mtoto wetu sote, ulisema. Waliomzika ni wawili. Siku hiyo nilifungua ukurasa wako kuona kama umesema neno, nikakukuta kwenye maonyesho ya mifugo umemkumbatia ng'ombe. Ng'ombe alikuwa mzuri, sikatai.

Daktari alipompa Khawla ruhusa ya kusafiri, nilimwambia Sinan amlete, yeye abaki amalize mitihani. Sasa yuko kwangu Azaiba. Amejifungua, na aliyejifungua kwetu, mwenye mtoto na asiye na mtoto, huitwa mzazi na hukaa arubaini. Tumegawana zamu. Sayyida anakuja na supu ya kuku. Mazoon, pamoja na magoti yake, anamkanda. Mimi namfunga mkaja, nao ni kitambaa kirefu cha kubana tumbo la mzazi, na namfukiza udi, na simu yake nimeiweka kabatini kwangu ili apumzike, maana akiwa nayo husoma mambo yanayomliza.

Zamu yako imo, nimeiandika. Utapika uji wa pilipili manga, ambao Mazoon atakufundisha, na ukitoka mabonge utaurudia. Kisha utakaa na wageni, na hii ndiyo kazi ngumu kuliko zote. Wanakuja kwa wingi, kwa mapenzi, na kila mmoja anamwambia Khawla kwamba yeye bado mdogo, atapata mwengine. Khawla hutazama ukuta. Wewe utakaa baina yake na wao uwapokee, kwa kuwa una uzoefu wa kusikiliza watu wengi bila ya kubadilika uso. Ndege zipo, na kutoka uwanjani mpaka kwangu ni karibu, dereva wa teksi asikuzungushe.

6. Ngiri. Hapa nakuomba ukae.

Gazeti la huko kwenu limeandika kwamba utakosekana barazani kwa muda kwa sababu unakwenda kupasuliwa ngiri. Tulishangaa. Jambo la ndani ya mwili wa jamaa linaamuliwa bila ya jamaa! Basi Baraza la Wanawake wa Azaiba na Ghubra, yaani mimi, Sayyida na Mazoon, limekaa kwa kahawa na halua na limepitisha yafuatayo bila ya kupingwa:

Kwamba ngiri yako isiguswe mpaka uugue vya kutosha. Cha kutosha ni kiasi gani, tutakijua tutakapokiona.

Kwamba kwa sasa urudi nyumbani ukakae kwenye sofa na kipimajoto. Sayyida amejitolea kukutumia kilekile alichorudi nacho Khawla.

Kwamba daktari wako asifanye lolote kabla ya kuzungumza na wakili wetu. Wakili hatuna, lakini mkwe wa Mazoon anasoma mikataba katika kampuni ya simu, na amekubali kulitazama jambo hili akipata nafasi baada ya Ramadhani.

Kwamba ukijaribu kuvuka kwenda jimbo la pili, aliyekuendesha atashitakiwa, na aliyekuazima gari, na aliyekutilia petroli pia tunamfikiria.

Utasema sisi si madaktari. Kweli. Na wewe, tumesoma, kabla ya siasa ulikuwa unauza matrekta. Utasema hatukujui. Nasi tutakujibu kwamba na wewe hukumjua Khawla. Utasema inauma. Tunasikitika kwa dhati, tumekuombea, na Mazoon ametoa machozi. Na ikiwa utathubutu kusema kwamba ngiri hiyo ni yako, basi tutaweka mikono vifuani sote watatu na kukujibu kwamba hiyo ni ngiri yetu sote.

Kwa hayo sita, Mheshimiwa, naomba mambo mawili tu. Ama uutimize ujamaa uliojitangazia mwenyewe, uje na begi lako ushike zamu. Ama usimame tena mbele ya kamera ile ile useme ulikosea, hukuwa mjomba wa mtu, na uwaachie mlango madaktari. Sinan na Khawla hawakuwa peke yao huko. Kuna binti mwengine leo amekaa kwenye sofa, na shangazi yake labda hajui kuandika barua.

Nakomea hapa maana kalamu imeanza kunitangulia. Msalimie mkeo, na mama yako ikiwa yu hai, na yule wakili, na ng'ombe. Yule daktari kijana msalimie kwa namna ya peke yake, mwambie tunamwombea kila sala, na usimuulize jina. Mazoon anakusalimu. Sayyida amesema hakusalimu, lakini amesema kwa sauti ya chini, kwa hivyo pana matumaini.

Mimi, ninayekungojea kwa subira ile ile uliyotaka Khawla awe nayo,

Shangazi yako wa lazima,
Zakiya

Nyongeza: Nilimsomea Khawla barua hii kabla ya kuitia kwenye bahasha, nikitaraji acheke. Alicheka kwenye ng'ombe, na kwenye ngiri alicheka mpaka akajishika tumbo. Ni mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu aje. Halafu akaniuliza: "Shangazi, katika hizo nambari sita, ipi ambayo mie nimeulizwa?"

Nikazipitia, moja baada ya moja. Hakuna.

Akasema: "Kule walinambia nisubiri, hawakuniuliza. Wewe ukamwambia Sinan anitie garini, hukuniuliza. Na simu ilikuwa kwenye spika, Shangazi, nnakusikia. Nimekuja hapa munanifunga mkaja, munanifichia simu, munaniletea watu wa kunambia n'tapata mwengine. Garini ningekubali. Wallahi ningekubali, nilikuwa n'shaogopa kufa. Lakini ningesema mie."

Nilitaka kumjibu kuwa sisi ni sisi na yule ni yule, na kwamba anayekunywesha uji hawezi kuwekwa mizani moja na anayekuacha ufe. Tofauti ipo, Mheshimiwa, ni kubwa, na wewe usijifariji nayo hata kidogo. Lakini nilipokuwa natafuta namna ya kuisema, niliona kwamba muda wote huo nilikuwa nimemshika mkono asiinuke. Nikamwachia.

Kwa hivyo lile dai langu kwamba wewe ni jamaa nalifuta, na yote niliyoyajenga juu yake yaanguke. Usije. Huna zamu hapa, wala na mimi sina tena, nimekwishaambiwa. Nenda kapasuliwe ngiri yako, ni yako, Mungu akuponeshe. Ninalolitaka kwako limebaki moja, nalo halina undugu: umwachie mkono na wewe.

Nimempa Khawla simu yake. Ameufungua mkaja, ameukunja vizuri, ameuweka kitini, akavaa abaya yake na viatu na kutoka peke yake. Sayyida, keshapashwa habari na Mazoon aliyemwona akipita, amenipigia sasa hivi kutoka Ghubra kuuliza binti yake anakwenda wapi na hali yake hii. Nimemwambia sijui, akirudi atasema, akitaka.